Barua ya Tabia Njema

Kwa miaka tisa muhuri wa mtaa wa Oli, mjini Arua, ulilala ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo likalala ndani ya mkoba, na mkoba haukumtoka Sumayah begani hata alipokwenda kusikiliza mawaidha ya akina mama msikitini. Kwa utaratibu, muhuri ulipaswa kukaa kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa. Lakini mwenyekiti, Mzee Obitre, alikuwa na shamba la muhogo kule Aroi, na muhogo ule aliupenda kuliko watu waliompigia kura. Alifika mjini mara moja kwa wiki, akatia sahihi kwenye rundo la karatasi tupu, akamwachia katibu wake, akarudi alikotoka.

"Sumayah, wewe iko najua watu," alikuwa akisema. "Andika tu."

Naye aliandika. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na miwili, Mnubi aliyezaliwa hapo hapo Oli, binti wa koplo ambaye aliacha duniani koti moja la jeshi na Kiswahili cha kambini. Nyumbani alisema Kinubi, sokoni Kilugbara, kwa wakwe zake wa Koboko alisema Kikakwa, kwa wakimbizi Kiarabu cha Juba, na Kiswahili alikitumia kwa watu wote waliobaki, hasa wale aliotaka wamsikilize. Riziki yake ilitoka kwenye kawa alizosuka kwa ukili wa rangi, za kufunikia chakula siku za harusi. Barua za mtaa zilikuwa heshima yake.

Hupangi chumba Arua, hupati kazi, hupewi kitambulisho kipya bila barua ya LC inayosema wewe ni nani, ni mtoto wa nani, na tabia yako ikoje. Makatibu wengine waliandika mistari miwili na kugonga muhuri. Sumayah alijaza ukurasa. Aliamini kwamba barua ni dua: ukimwombea mtu kwa maneno mazito, mbingu hufunguka. Kwa hiyo alipokuwa akimwandikia yatima au mkimbizi, alichota huruma kwa kata. "Huyu ni mtulivu," aliandika. "Hajawahi kugombana na mtu. Akiumizwa hunyamaza. Hana baba wala mama, hana mtu wa kumtetea. Mpokeeni." Kwa watundu pia hakudanganya. Alisema ukweli, kisha akaupaka asali kidogo.

Mwezi wa pili alikuja mtu aitwaye Ayiko. Alikuwa mtoto wa huku huku, shati jeupe limepigwa pasi, faili kwapani, sauti ya chini kama ya mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa. Kila baada ya kusalimiana alitoa kichupa mfukoni, akajipaka dawa ya mikono yenye harufu ya maua. Alikuwa akitafuta vijana wa kupika na kufanya usafi kwenye kambi ya wachimba dhahabu, ng'ambo ya Kongo. Chakula kipo, malazi yapo, safari yeye atagharamia. Hakubandika tangazo popote. Alisema matangazo huleta wahuni.

"Mama, makatibu wengine wananiandikia uongo," alimwambia Sumayah, ameketi kwenye mkeka wake, goti limekunjwa kwa adabu. "Wewe unaniandikia mtu. Nikisoma barua yako namjua kabla sijamwona."

Sumayah alitembea na maneno hayo wiki nzima kama mtu aliyejifukiza udi.

Basi aliandika barua za vijana tisa. Ya tisa ilikuwa ya Kiden.

Kiden alikuwa na miaka kumi na minane. Alivuka mpaka akiwa mtoto, kutoka vijiji vya nyuma ya Yei, Sudan Kusini, ameshika kanga ya jirani, na jirani huyo akafia kwenye kambi ya wakimbizi ya Rhino. Miaka miwili iliyopita alikuja Oli kufulia watu nguo, akapanga chumba nyuma ya nyumba ya Sumayah. Kazi yake ilikuwa safi na mwili wake una nguvu, ila kulikuwa na neno moja ambalo mdomo wake haukujaliwa kulitamka, nalo ni hapana. Mke wa Loku, jirani, aliwahi kumtuma maji akiwa na homa ya kutetemeka, akaenda, akarudi, akauliza kama inatakiwa ndoo nyingine. Kijana mmoja aliazima simu yake na kuhamia nayo Nebbi. Kiden, alipokutana naye tena, alimuuliza kama anahitaji na chaja. Watoto wa mtaa walifanya mchezo: "Kiden, leta kichwa chako!" Naye hucheka, akawaambia, "Nilete sasa?"

Sumayah alimpenda kwa hilo. Alikuwa na binti yake mwenyewe, Shamim, mwenye ulimi kama wembe, na kila walipogombana alimwonyesha nyuma ya nyumba: "Mtazame Kiden! Umewahi kumsikia akinijibu? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mama, yeye anasikia la kila mkuu," Shamim alimjibu siku moja. "Anasikia hata la wakuu wajinga."

Alipigwa kofi kwa jibu hilo.

Vijana tisa waliondoka Alhamisi alfajiri kwa pikapu, kwanza mpaka Koboko, karibu na mpaka. Kesho yake Ijumaa, saa nne ya asubuhi, Sumayah alikuwa kibarazani amenyoosha miguu, ukili wa zambarau kati ya vidole vya miguu, alipomwona mmoja wao akiingia uani na viatu mkononi. Ni Sebit, kijana wa Kisudani wa miaka ishirini aliyebeba magunia sokoni, maarufu kwa kubishana hata na redio.

"Wewe si uko Koboko?"

"Mama katibu, nipe maji kwanza."

Alikunywa vikombe viwili bila kupumua, akajifuta kidevu.

"Wamenifukuza."

"Umefanya nini tena? Huo mdomo wako, Sebit!"

"Nimeuliza soda yangu."

"Soda gani?"

Sebit akachuchumaa mbele yake. "Sisi tumefika kwa ile nyumba, Ayiko anatuambia, kaeni hapa nje, nakuja. Nje hapana kivuli, hapana maji. Tumekaa saa tatu mpaka saa nane. Yeye iko ndani, dirisha wazi, natuangalia. Mimi namwona! Anaandika."

"Anaandika nini?"

"Ngoja, mama. Abiriga, mwenzetu, amesimama, amesema huu ni upumbavu, amekwenda zake. Ayiko hakumwita. Ameweka alama tu kwa karatasi. Saa nane anatoka na soda. Baridi! Kila mutu yake. Anatufungulia na mkono yake mwenyewe. Tunaanza kukunywa, hata nusu bado, anarudi. Anasema, samahani, hizi soda ni ya wageni wengine, rudisheni."

"Mkarudisha?"

"Mimi nikamuuliza, mzee, ni mgeni gani huyo anapenda soda iko na mate yangu? Watu wamecheka. Yeye pia amecheka. Ameniambia, kijana, wewe iko na akili sana, rudi kwenu."

Sumayah alitaka kucheka, lakini kicheko kikasita njiani. "Na Kiden?"

"Kiden alipiga magoti, mama. Alirudisha na mikono miwili. Akasema asante."

Sumayah akaendelea kuvuta ukili. "Hiyo ni adabu," alisema, na yeye mwenyewe akasikia jinsi neno lilivyotoka bila chumvi.

"Adabu? Nani anapima mutu na kiu? Kwetu tunapima hivyo ng'ombe ya kulima. Unampiga kidogo, unaangalia kama atageuza pembe. Akigeuza, unamuuza kwa wachinjaji. Asipogeuza, unamfunga jembe mpaka afe." Sebit akatema mate pembeni, kisha akayafunika kwa vumbi, maana uwanja ulikuwa umefagiliwa. "Na yeye iko na barua zako. Anasoma, anainua macho, anaangalia mutu. Anasoma, anaangalia. Kama mutu anachagua viatu ya mitumba. Mimi alinijua kabla sijafungua mdomo. Uliandika nini kwa mimi?"

Aliandika: ana maneno mengi, lakini moyo wake ni mzuri.

"Amekusanya simu zote na vitambulisho," Sebit aliendelea. "Dereva anasema kesho kabla ya jua wanavuka. Mimi nimemwita Kiden kwa geti, nimemwambia twende. Unajua amesema nini? Mzee amesema tukae."

Ukili ulikatika mkononi mwa Sumayah. Alihisi kitu kichungu kama maji ya shubiri kikimkaa nyuma ya ulimi, na hakikuondoka siku ile wala siku nyingi zilizofuata. Akampigia simu Mzee Obitre.

"Mzee, yule Ayiko si mtu. Watoto wetu wako mikononi mwake Koboko. Njoo twende pamoja."

"Sumayah, mimi iko shamba. Mvua inakuja hapa. Mambo ya mipaka ni ya wakubwa."

"Sahihi ni yako kwenye kila barua, mzee."

"Sahihi ni yangu," alisema Obitre, na nyuma yake jembe likasikika likigonga jiwe. "Maneno ni yako."

Simu ikakatika. Alichomkera zaidi Sumayah ni kwamba mvivu yule, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, alikuwa amesema kweli.

Alijifunga mtandio, akatia kopo la muhuri mkobani, na kabla ya adhuhuri alikuwa ndani ya gari la abiria la Koboko, amebanwa kati ya Sebit na mwanamke mwenye kuku. Kwenye lami ile magari huenda kasi. Sumayah aliona kila mlima na kila duka likirudi nyuma na akalikumbuka jina moja moja la wale tisa, na kila jina lilikuja na sentensi yake. Tombe: akiumizwa hunyamaza. Ritah: hapendi kuwasumbua watu kwa shida zake. Alikuwa amezitunga kwa kibatari na machozi. Sasa zilinuka mdomoni mwake kama samaki aliyesahauliwa.

Nyumba ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga mahindi, kwenye njia ya kwenda Oraba, ukuta mrefu, geti la buluu. Sumayah alimwacha Sebit kwenye mashine, maana sura yake ilishajulikana. Akagonga geti mwenyewe, akalainisha uso wake, akawa yule mama wa mkeka.

"Mama yetu!" Ayiko alisema. Akatoa kichupa chake, akajipaka, harufu ya maua ikajaa kizingitini. "Umetembea mbali hivi?"

"Muhuri, mwanangu. Nilikumbuka usiku kwamba barua nyingine sikuzitia tarehe. Huko mpakani watakusumbua bure."

Ayiko akacheka kwa furaha ya kweli. Alikuwa amempima Sumayah tangu siku ya kwanza, akaona ni mwanamke mpole wa kusifiwa, naye hakuwa mtu wa kupima mara mbili. Akamketisha kwenye kochi, akamletea faili na soda baridi, akamfungulia kwa mkono wake mwenyewe, kisha akatoka kwenda kuongea na dereva.

Soda hakuigusa. Alifungua faili.

Barua zake zilikuwa zimepigwa mistari kwa kalamu ya kijani, kwa rula, polepole, kazi ya mtu nadhifu. Mstari chini ya "hana mtu wa kumtetea." Mstari chini ya "akiumizwa hunyamaza." Kwenye barua ya Sebit, "ana maneno mengi" yalikuwa yamewekewa msalaba. Aliyoyaandika juu ya bidii, usafi, au kujua kupika kwa watu hamsini hayakuguswa hata kidogo. Mtu yule hakuwa akitafuta mpishi. Barua ya Kiden ilikuwa ya kijani karibu yote, na pembeni, kwa herufi ndogo nzuri kama za mwalimu wa darasa la kwanza, pameandikwa: bora.

Miaka hamsini na miwili ya kuishi mpakani ilikuwa imemwonyesha wauaji, walevi wenye bunduki, wanaume waliouza mabati ya msikiti. Hao wote aliwachukia kwa njia ya kawaida. Hili lilikuwa jambo jingine. Hapa palikuwa na mkono wake mwenyewe, mwandiko wake wa mviringo aliojivunia tangu shule, umelala kitanda kimoja na ile kalamu ya kijani.

Akatoa muhuri. Juu ya kila barua aliandika kwa herufi kubwa IMEFUTWA, akatia tarehe, akagonga. Aligonga kwa nguvu. Nadhani hata dereva nje aliisikia ile tap, tap, maana kwenye barua ya sita Ayiko alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, unafanya nini?"

"Ninarekebisha."

Alichukua karatasi moja, akasoma. Sumayah alingoja matusi. Angeyapokea kwa shukrani. Lakini Ayiko aliirudisha tu karatasi mezani, akainyoosha kona iliyokunjamana.

"Hizi ni karatasi, mama. Hawa ni watu wazima, wote wamefika kumi na nane. Twende tuwaulize wenyewe. Nikikosa, nitakubali."

Sumayah akazitia mkobani zile tano alizokwisha kuzigonga, akamfuata. Walikuwa saba uani, wamejipanga kwenye ukuta. Kiden peke yake alikuwa kazini: ameinama kwenye beseni, anafua mashati meupe ya Ayiko. Alipomwona Sumayah aliangaza uso, akajifuta povu, akapiga magoti kumsalimu kama afanyavyo kila asubuhi.

"Kiden," Ayiko alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Unataka kwenda na sisi kesho?"

"Ndiyo, mzee."

"Kiden, unataka kurudi nyumbani na mimi?" Sumayah aliuliza.

"Ndiyo, mama."

Wale wengine wakacheka, kicheko chembamba cha watu wenye njaa. Ayiko hakucheka. Alitabasamu kama mfugaji anayemwonyesha mgeni ndama wake.

"Simama, uchukue begi lako," Sumayah aliamuru.

Kiden akasimama.

"Kaa, umalize mashati," Ayiko alisema.

Kiden akakaa. Macho yake yalimtoka, yakaenda kwa huyu, yakarudi kwa yule, kama ya mbuzi aliyeshikwa pembe na watu wawili.

"Simama, nimesema!"

Akainuka nusu, magoti yamekunjika, mikono imelowa, akabaki hapo hapo kati ya kusimama na kukaa. Na Sumayah akaona kwamba angeweza kushinda hivi. Angeweza kupaza sauti zaidi, kumkumbusha kodi na chakula na homa alizomuuguza, na msichana angemfuata. Angemtoa pale kwa kushika mpini ule ule alioushika Ayiko.

"Usimlaumu," Ayiko alisema. "Na mimi usinilaumu. Wewe na mimi, mama, tunapenda watu wa aina moja. Wewe ulimsifu. Mimi nimesoma tu."

Alisema hivyo akijipaka dawa ya mikono.

Huku, mtoto wa kike humpigia magoti mkubwa anapomsalimu, anapompa maji, anapoomba radhi. Mlugbara hufanya hivyo, Mkakwa hufanya, Mnubi pia, na wageni kutoka Yei walikuja nayo desturi hiyo hiyo. Lakini magoti yana upande mmoja tu. Mkubwa hampigii mtoto magoti. Hilo likitokea, watu hutafuta maji ya dua, maana mtoto aliyepigiwa magoti na mama mtu mzima hajui ataubeba wapi mzigo huo.

Sumayah alishusha mkoba. Akakunja goti moja, kisha la pili, juu ya kokoto na povu la sabuni, mbele ya msichana aliyemfulia nguo. Akaweka viganja mapajani, akainamisha kichwa.

"Kiden," alisema. "Nilikuandika vibaya. Nisamehe."

Upande wa pili wa ukuta mashine ya kusaga iliendelea kunguruma.

"Hapana," Kiden alisema.

Sauti ilikuwa ngeni, nzito, kama imetoka kwa mtu mwingine. "Hapana, mama. Hapana! Simama. Usifanye hivi."

"Kaa, Kiden," Ayiko alisema.

"Hapana!" Hakumtazama hata kidogo. Shati liliruka kutoka mkononi mwake likaangukia kwenye kokoto. Alimshika Sumayah kwapani kwa ile mikono ya kubeba ndoo, akamwinua mzima mzima, akampangusa magoti kwa sketi yake huku akilia kwa sauti kama mtoto aliyechapwa. "Twende. Mama, tutoke hapa. Hapa iko mbaya, wewe umepiga magoti hapa."

Akamvuta mpaka getini. Sumayah aliuwahi mkoba kwa ncha za vidole. Nyuma yao akainuka Ritah, yule asiyependa kuwasumbua watu, viatu mkononi. Alimwambia jirani yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kama mama mzima amepiga magoti, hapa kuna kitu," akawafuata.

Watano walibaki. Sumayah aligeuka akawaita kwa majina. Tombe aliinua macho, akayashusha. "Mzee amesema tukae," alisema. Ayiko alikuwa amekwisha kuliokota shati. Alikuwa akilikung'uta kokoto.

Walikwenda moja kwa moja kituo cha polisi, Sebit akiwa mbele anaelekeza na kufoka. Askari waliandika, wakauliza majina, wakatoka na gari jua lingali juu. Walikuta geti wazi, beseni limejaa maji ya sabuni, na shati jeupe moja likielea. Hawakungoja kesho alfajiri. Njia za kuvuka upande ule ni nyingi kama mishipa ya mkono, na simu za wale watano hazijapokelewa mpaka leo.

Kwenye gari la kurudi, walipokaribia Arua, Kiden aliegemea sikio la Sumayah.

"Mama, mzee atakasirika? Sikumaliza mashati."

Sumayah alitazama nje, shubiri ingali nyuma ya ulimi. Kwa sababu alijua. Hata lile la magoti lilikuwa mpini. Ulikuwa tu mkubwa zaidi, na hakuna mwingine pale aliyeweza kuushika. Hakumfundisha msichana kukataa. Alimtisha kwa aibu mpaka neno likamponyoka.

Miezi ile iliyofuata watu wa mtaa walilalamika kwamba barua za Sumayah zimeharibika. Zilikuwa fupi, na zilikuwa na watu wengi mno. "Huyu ana shangazi watatu, na mmoja ni mkorofi." "Huyu ana kaka anayejua njia ya polisi." "Huyu hana wazazi, lakini mimi nipo, na namba yangu ni hii." Kijana mmoja alikuja kulalamika kwamba katika maisha yake hajawahi kuwa na wajomba saba. Sumayah alimwambia sasa anao, aende akawasalimie: alikuwa amewapigia simu wazee saba wa Onduparaka na kuwaomba wakubali. Mzee Obitre alisikia, akauliza kwa simu hii ni ofisi au ni ukoo. Naye akamjibu: sahihi ni yako, maneno ni yangu.

Barua tano zenye mistari ya kijani alizokuwa amezifuta, alizikunja, akaziweka ndani ya kopo chini ya muhuri. Kila aliponyanyua muhuri alizigusa. Ndivyo alivyotaka.

Kiden alikuja mwezi wa saba. Kitambulisho chake kilikuwa kimebaki kwenye mfuko wa Ayiko, na ili apate kingine alihitaji barua ya LC. Isitoshe, shule moja ilikuwa inatafuta msaidizi wa jikoni. Aliingia kibarazani, akapiga magoti, akasalimu. Shamim alikuwa pembeni anachambua maharage.

Sumayah aliandika, akamsomea kwa sauti: "Kiden ni mfanyakazi mzuri. Anajua kupika kwa watu wengi. Ana mama hapa Oli na dada mmoja mwenye ulimi mkali, na wote wawili wataulizia habari zake kila Ijumaa. Ni mbishi."

"Ni nani mbishi?" Kiden akauliza.

"Wewe."

"Mama, mimi siyo mbishi."

"Ni mbishi."

"Mimi? Uliza mtaa yote! Hiyo siyo kweli. Watu wa shule watasema nini? Toa hiyo neno."

Shamim aliacha maharage, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Sitoi," Sumayah alisema, ameshika muhuri hewani.

Kiden alikuwa bado amepiga magoti. Aliitazama ile karatasi, pua zimemtanuka, shingo imeanza kukaza. Kisha akasimama, akajipangusa vumbi.

"Basi mimi sichukui hiyo barua," alisema. "Andika ingine."

Sumayah aligonga muhuri.